Bunduki ya Mume na Amri ya Mahakama

Mkulima wa pamba wa Ngulyati, wilayani Bariadi, akielezwa kwamba majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikaa miezi saba wakipima kama mtu aliyeamriwa na mahakama asimsogelee mwanamke aliyempiga anaweza pia kuzuiwa kumiliki bastola, huenda akacheka. Kwake yeye shauri hilo halihitaji majaji tisa. Wazee wawili wa nzengo wangelimaliza kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni, na bastola ingekuwa mikononi mwa mtu mwingine jioni ile ile.

Hata hivyo, kicheko hicho kisituharakishe. Wamarekani walihangaika, lakini mwishowe mwanamke wa kule anayo karatasi ya mahakama ambayo, pindi inapotolewa kwa taratibu zake, humvua mume haki ya kushika bunduki popote katika nchi hiyo. Mwanamke wa Ngulyati hana karatasi ya namna hiyo. Sisi tusiokuwa na haki ya bunduki katika Katiba yetu, ambao kwetu silaha ni kibali tu cha dola, tumeshindwa kufanya jambo ambalo wao, kwa Katiba inayoilinda bunduki, wameliweza. Ndilo tunalotaka kulieleza katika safu hii leo, na ni vema kuanza na shauri lenyewe lilivyokuwa.

Mnamo Desemba 2019, katika eneo la kuegesha magari mjini Arlington, jimbo la Texas, kijana mmoja aitwaye Zackey Rahimi aligombana na mpenzi wake, mama wa mtoto wake. Alimkamata mkono, akamwangusha, akamburuta hadi kwenye gari na kumsukumia ndani hata akajigonga kichwa. Alipotambua kwamba kuna mpita njia aliyekuwa akitazama, alichukua bunduki, na mwanamke alipopata mwanya wa kukimbia risasi ikafyatuliwa. Baadaye alimpigia simu na kumtisha kwamba atampiga risasi akithubutu kusema. Mwanamke alithubutu. Mwezi Februari 2020 mahakama ya Texas ilitoa amri ya zuio ya miaka miwili: asimkaribie mwanamke huyo, asimtishe, na leseni yake ya bastola ikasimamishwa. Mwisho wa mwaka huo na mwanzoni mwa 2021 polisi walimshuku kuhusika na mfululizo wa matukio ya kufyatua risasi hadharani. Walipopekua chumba chake walikuta bastola, bunduki ndefu, risasi, na nakala ya ile amri ya mahakama.

Nakala ya amri ilikuwa chumbani pamoja na bastola. Msomaji aikumbuke picha hiyo, kwani tutairudia.

Sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1994 inasema kwamba mtu aliye chini ya amri ya aina hiyo, baada ya kupewa nafasi ya kusikilizwa, hana ruhusa ya kumiliki silaha ya moto. Rahimi alishitakiwa kwa sheria hiyo, akahukumiwa kifungo, akakata rufani. Na hapo ndipo bahati ilipomwangukia. Mwezi Juni 2022, katika shauri jingine lililotoka New York, Mahakama ya Juu ilikuwa imetamka kwamba sheria yoyote inayobana silaha ni lazima iwe na mfano wake katika historia ya Marekani, hasa zama zile yalipopitishwa Marekebisho ya Pili ya Katiba yao mwaka 1791. Mahakama ya rufani yenye makao yake New Orleans ilitafuta katika vitabu vya kale sheria iliyomnyang'anya mume bunduki kwa sababu ya kumtisha mkewe. Haikuiona. Kwa hiyo mwaka 2023 ikaifuta hukumu na kusema sheria ya 1994 inakiuka Katiba.

Hatuna budi kusema wazi kwamba hoja hiyo ilikuwa na kasoro ambayo hata mtoto wa shule angeiona. Mwaka 1791 mwanamke wa Kimarekani aliyeolewa hakuwa na kura, na kwa kiasi kikubwa hakuwa na mali wala sauti ya kisheria mbele ya mumewe. Kutafuta katika zama hizo sheria iliyomlinda kwa kumpokonya mume silaha ni sawa na kutafuta nyayo za samaki.

Serikali ilikwenda Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Juni 2024 majaji wanane dhidi ya mmoja waliirudisha sheria. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba historia haidaiwi pacha wa sheria ya leo. Yatosha kanuni iwe ile ile. Mtu ambaye mahakama imeridhika kwamba ni tishio la kweli kwa usalama wa mwili wa mwenzake aweza kuvuliwa silaha kwa muda, na Katiba isivunjike. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu ile ya 2022, alibaki peke yake akishikilia kwamba mtu asipokonywe haki ya Katiba kabla hajatiwa hatiani kwa jinai. Msimamo wake haukushinda, lakini si wa kudharauliwa, na sisi tunaopenda kukamata kwanza na kuuliza baadaye tunapaswa kuusoma mara mbili.

Jambo lililotuvutia zaidi katika hukumu hiyo ni kule Jaji Mkuu alikoipata kanuni yake. Aliipata katika desturi ya kale ya Uingereza ya dhamana ya kutunza amani. Mtu aliyeogopa kudhuriwa alikwenda kwa hakimu na kuapa kwamba fulani anamtisha. Hakimu alimwita huyo fulani, na akiridhika kwamba hofu ina msingi, alimtaka aweke dhamana na wadhamini: ukivunja amani, fedha zitapotea, ukikataa kuweka dhamana, utakwenda gerezani. Haikuwa adhabu ya kosa lililotendwa bali kinga dhidi ya kosa linaloogopwa. Na mwanasheria wa Kiingereza William Blackstone, aliyeandika katika karne ya 18, alieleza kwamba hata mke aliweza kuidai dhamana hiyo dhidi ya mumewe. Desturi hiyo ilivuka bahari. Jimbo la Massachusetts liliiandika katika sheria yake mwaka 1836 na kuielekeza kwa watu wabebao silaha.

Desturi hiyo hiyo ilivuka bahari nyingine pia. Mwaka 1920 Waingereza walipoanza kuitawala Tanganyika kwa jina la udhamini, walitangaza kwamba sheria za nchi yao zitatumika hapa, na makarani wao wakaja na mafaili yao. Dhamana ya kutunza amani ikaingia katika sheria zetu za mwenendo wa jinai, na imo hata leo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Hakimu aliyepewa taarifa ya kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani ana uwezo wa kumwita ajieleze kwa nini asitakiwe kuweka dhamana. Kwa maneno mengine, mzizi ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliuchimbua mwaka 2024 ili kumlinda mwanamke wa Texas umo pia katika ardhi yetu, ingawa ni wachache mno wanaoukumbuka, na tunathubutu kusema kwamba akina mama wa Ngulyati hawajawahi kuelezwa habari zake.

Sasa tutazame upande wetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haina neno hata moja juu ya haki ya kumiliki bunduki. Ibara ya 14 inatoa haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Ibara ya 24 inalinda mali, lakini kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 30 inasema haki za mtu zisitumiwe kwa namna itakayoingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Bunduki inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na msingi wake ni leseni. Kwa desturi ombi la raia huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa, likapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, ndipo likafika polisi. Yaani jirani zake muombaji ndio wa kwanza kuulizwa tabia yake. Utaratibu ni mzuri kwenye karatasi. Swali tunalouliza ni moja: miongoni mwa wote wanaoulizwa, mkewe anaulizwa? Yeye ndiye ajuaye mume anakuwa mtu wa namna gani saa nne za usiku arudipo kutoka kilabuni.

Mei 2022, mkoani Mwanza, mume alimuua mkewe kwa bastola, na siku chache baadaye yeye mwenyewe akakutwa amekufa. Nchi nzima ilisikitika kwa juma moja. Hatutaji majina, kwani familia zote mbili zimekwisha kuumia vya kutosha. Tunakumbusha tu kwamba bastola si jambo la sinema za Texas peke yake, na Mwanza kwa mtu wa Bariadi ni safari ya basi ya asubuhi.

Tuchukue mfano, ndugu msomaji, wa mwanamke wa Ngulyati ambaye mumewe amemtisha kwa silaha. Ataanzia wapi?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemwekea mambo mawili ya maana. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme itakavyo. Kwa sheria iliyotungwa miaka zaidi ya 50 iliyopita hilo lilikuwa jambo la ushujaa, na Bunge la wakati ule lastahili sifa zake. Tena kifungu cha 139 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu asijilazimishe kwa mwenzi wake na asimbughudhi. Hiyo ndiyo amri yetu ya zuio. Lakini soma masharti yake: amri hutolewa wakati shauri la ndoa likiendelea mahakamani, au baada ya ndoa kubatilishwa, kutenganishwa au kuvunjwa. Mwanamke asiyetaka talaka, anayetaka tu mumewe asimtishe kwa silaha, hana mlango wa kuingilia. Ili apate kinga ni lazima kwanza aanzishe shauri la ndoa.

Na kuanzisha shauri la kuvunja ndoa Usukumani si jambo la kwenda na kurudi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 101, inamtaka kwanza aende Baraza la Usuluhishi la Ndoa katika kata, lijaribu kuwapatanisha, na likishindwa litoe hati. Ni kweli kwamba kuna hali zinazomruhusu kuliruka Baraza, ikiwemo hali isiyo ya kawaida inayofanya usuluhishi usiwezekane, lakini hilo ajuaye ni wakili, na mawakili hawakai Ngulyati. Zaidi ya hayo yako mambo ya ukoo. Ng'ombe wa mahari walikwisha kugawanywa, wengine wamemwolea kaka yake. Akivunja ndoa baba yake ataulizwa ng'ombe. Mama yake atamwambia avumilie, shangazi atamwambia hivyo hivyo, na mume naye atasikia habari za Baraza kabla mke hajarudi nyumbani. Kati ya siku ya kulalamika na siku ya amri ya kifungu cha 139 kuna majuma, pengine miezi, ambamo mlalamikaji na mlalamikiwa wanalala chini ya paa moja na silaha iko pale pale.

Atakwenda polisi, utasema. Ni kweli, na tangu yaanzishwe madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi hali imekuwa afadhali kuliko zamani, askari alipokuwa akimwambia mlalamikaji arudi akayamalize nyumbani. Polisi wanaweza kumkamata mtu kwa kutishia kuua, wanaweza kumfikisha mahakamani. Lakini kesi ya jinai inahitaji ushahidi usioacha shaka, na shahidi wa chumbani ni mmoja tu, naye anamtegemea mshitakiwa kwa chakula cha watoto. Mshitakiwa hupata dhamana, hurudi nyumbani. Ndiyo maana mashauri mengi ya namna hii hufa kwa mlalamikaji kusema hataki tena kuendelea. Watu humlaumu kwa ugeugeu, hali wao wenyewe hawakumpa mahali pengine pa kulala.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wafikie miaka 15. Hadi leo Tanzania Bara haina sheria moja mahususi juu ya ukatili wa majumbani. Kenya ilitunga yake mwaka 2015, Uganda mwaka 2010, na zote mbili zinampa mtu ruhusa ya kuomba mahakamani amri ya ulinzi bila kulazimika kwanza kuvunja ndoa. Sisi tuliotangulia mwaka 1971 sasa tunatazama migongo ya jirani zetu.

Kuna atakayesema kwamba bunduki Ngulyati ni chache na silaha ya nyumba nyingi ni panga, fimbo na upinde. Ni hoja ya haki, nasi tunaipokea. Bunduki zenyewe zilizopo vijijini mara nyingi si zile za leseni. Eneo letu limepakana na Pori la Akiba la Maswa na, zaidi ya hapo, Serengeti. Ujangili na wizi wa ng'ombe vimelea hapa biashara ya magobore, yale ya kujazwa baruti kwa mdomo ambayo mafundi wa vijijini wanajua kuyaunda. Mwezi Januari 2016 rubani Mwingereza aliyekuwa akiwasaka majangili aliuawa ndani ya Pori la Maswa baada ya helikopta yake kupigwa risasi kutoka ardhini. Bunduki iliyofika porini ilipita katika nyumba ya mtu, na katika nyumba hiyo yumkini kulikuwa na mke.

Habari ya bunduki huku ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ziliingia kwa misafara ya karne ya 19, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yakaafikiana kuzuia zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Walidai wanapiga vita utumwa, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Lakini pia hakuna anayependa kumtawala mtu mwenye bunduki. Tangu hapo silaha ya moto katika nchi hii imekuwa jambo la ruhusa kutoka juu. Gobore ndilo lililobaki nje ya daftari.

Turudi kwenye panga. Afrika Kusini ilikwisha kulijibu swali hilo. Sheria yao ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 1998 inaitaka mahakama iamuru polisi wachukue silaha ya moto au silaha yoyote ya hatari, iwapo imeridhishwa kwa kiapo kwamba mlalamikiwa ametishia kumuua au kumjeruhi mtu wa nyumbani mwake, au kwamba kwa hali ya akili yake, ukali wake au ulevi wake haifai akae nayo. Silaha yoyote ya hatari: panga nalo limo. Na sheria yao ya silaha ya mwaka 2000 ikaongeza kwamba mtu aliyetolewa amri ya mwisho ya ulinzi aweza kutangazwa na msajili wa silaha kuwa hafai kumiliki bunduki. Amri ya mahakama ya familia na daftari la silaha vimefungwa kamba moja. Huo ndio ujuzi tunaoukosa. Kwetu hakimu wa mahakama ya mwanzo anaweza kuwa na shauri la mtu mkali mbele yake, na ofisa wa polisi anayehuisha leseni ya bunduki ya mtu huyo huyo akawa katika jengo la pili, na wasijuane.

Hatudanganyiki kwamba kuchukua panga kunamaliza chuki. Mwezi Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, alifariki dunia mjini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Hakuna mahakama iwezayo kuwanyang'anya watu petroli. Kwa sababu hiyo amri ya zuio haiwezi kuwa amri ya silaha peke yake. Ni lazima imweke mtu mbali kwanza, kisha silaha yake.

Katika Usukuma tunacho chombo ambacho wageni hutuonea wivu na wakati mwingine hutuogopea. Sungusungu, au basalama, walioinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na ambao sheria iliwatambua mwaka 1989, hufika nyumbani kwa mtu haraka kuliko gari la polisi. Yowe likipigwa usiku Ngulyati, hao ndio watakaotokea. Wangeweza kuwa walinzi wa amri ya hakimu: kuhakikisha mume aliyeamriwa kukaa kwa kaka yake yuko huko kweli. Lakini tuwe waangalifu. Dagashida ya wanaume ikikaa kuamua habari za mke na mume, mke hukaa pembeni. Na eneo hili limebeba aibu ya miaka mingi ya vikongwe kuuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni na samadi. Sungusungu na watekeleze amri. Kuitoa wamwachie hakimu.

Hapo ndipo tunamkumbuka Jaji Thomas na wasiwasi wake. Amri inayotolewa haraka yaweza kumwonea mtu. Yuko mume atakayesingiziwa kwa sababu ya shamba, yuko atakayezushiwa na mashemeji. Mahakama zetu zimekwisha kutupatia mizani ya kupimia. Katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilieleza kwamba Katiba yetu inamtazama mtu binafsi na jamii yake kwa pamoja, na kwamba haki za huyu na wajibu wake kwa wenzake vinakwenda sambamba. Katika shauri la Kukutia ole Pumbun la mwaka 1993 mahakama hiyo ikaweka vipimo viwili: sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, bali iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo lililo halali. Amri ya zuio ya muda mfupi, ambayo mlalamikiwa anaitwa kujieleza ndani ya siku chache, na silaha yake inatunzwa kituoni kwa stakabadhi bila kuuzwa, itavuka vipimo vyote viwili pasipo taabu. Mwenye bunduki ya halali anayeikosa kwa wiki mbili amepoteza wiki mbili za bunduki.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba Bunge, litakapoitazama tena Sheria ya Ndoa, ambayo kwa sababu ya suala la umri wa kuolewa haliwezi kuikwepa milele, likitenganishe kifungu cha 139 na talaka. Hakimu wa mahakama ya mwanzo apewe uwezo wa kutoa amri kwa ombi la mke, au la mume, maana wapo na waume wanaoteseka kimyakimya, bila kuuliza kama kuna shauri la ndoa. Amri iandikwe kwa Kiswahili chepesi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na bado hata jina la karatasi hii hatujakubaliana: wengine huita zuio, wengine amri ya ulinzi. Jina lolote litafaa mradi mwenyekiti wa kijiji alielewe. Na amri ikitolewa nakala ziwe nne: moja kwa mlalamikaji, moja kwa mlalamikiwa, moja kwa mtendaji wa kijiji, na moja kwa mkuu wa polisi wa wilaya anayeshughulika na leseni za silaha, naye aijibu kwa maandishi: silaha ipo au haipo, imechukuliwa au haikuchukuliwa. Rahimi alikuwa na nakala yake chumbani. Kilichokosekana ni mtu mwenye nakala nyingine aliyekwenda kugonga mlango na kuiulizia bastola kabla risasi hazijaanza kulia barabarani.

Limebaki la gobore, nalo ni gumu. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa linaloangukia katika sheria za uhujumu uchumi, na adhabu yake ni miaka mingi gerezani. Mke anayejua gobore limefichwa ghalani yuko njia panda: akinyamaza, huenda likamuua, akisema, mume atafungwa, shamba la pamba litabaki bila mikono na ukoo wa mume hautamsamehe. Wengi hunyamaza, na sisi tulio mbali na ghala hilo hatuna uso wa kuwalaumu. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kipindi cha msamaha, ambapo waliosalimisha silaha haramu kwa hiari hawakushitakiwa. Msamaha ule ulimfikiria mwenye silaha. Haukumfikiria anayelala karibu nayo. Tungependa kuona msamaha ujao ukiruhusu mke kulipeleka gobore kwa mtendaji wa kata mchana kweupe, likiwa limefungwa katika gunia la pamba, akapewa stakabadhi isiyo na jina la mumewe, akarudi nyumbani kupika.